Kaburi Refu Kwenye Kiwanja cha Mjane

Sehemu ya kumi na moja

Tulimwacha Atuganile katikati ya majivu ya nyumba yake, kidole cha mkaguzi kimenyooka kuelekea chini ya mparachichi ulioungua upande mmoja, na swali linasubiri jibu.

"Nauliza tena, mama," alisema Rubeni, mkaguzi wa Mfuko. "Kaburi la kwanza umesema ni la mumeo. Sawa. Hili la pili ni la nani?"

Atuganile alisogea akalitazama.

Kaburi la pili! Jumatatu tu alikuwa hapa akiokota misumari iliyosalimika, na kaburi lilikuwa moja, la Ambilikile wake, lenye msalaba wa saruji. Leo Ijumaa yako mawili. Udongo wa hili jipya ulikuwa mwekundu na mbichi, umepigwa koleo ukatulia, na juu yake mtu alikuwa amechomeka msalaba wa mbao usio na jina.

"Silijui," alisema hatimaye.

"Kiwanja chako, kaburi hulijui?"

"Baba, naapa silijui."

Wewe uliyeanza kununua gazeti leo, sogea nikunong'oneze, maana mambo yanakimbia na sitarudia. Mwezi Oktoba moto wa nyika ulishuka kutoka msitu wa paini juu ya kitongoji cha Kasyeto, huku milima ya Ileje, ukala nyumba kumi na moja mchana kweupe. Ya mjane Atuganile ilikuwa ya kwanza. Mfuko mmoja unaoitwa Paa Jipya ukaahidi kumpa kila mwenye nyumba mabati, saruji na fedha za fundi, mradi athibitishe kwamba kiwanja ni chake. Hati huku juu nani anayo? Hakuna. Basi Mfuko ukafuata utaratibu wa wenyeji: pale ulipomzika mtu wako ndipo pako. Orodha inafungwa leo saa kumi alasiri. Asiyeandikwa leo, mvua zitamkuta na watoto wake kwenye darasa la shule wanakolala, na Januari wanafunzi wakirudi hata hilo darasa hana.

Sasa umeelewa kwa nini kaburi moja la ziada lilikuwa balaa.

Saa ya mkaguzi ilikuwa imeshapita saa nane.

"Mimi nalijua," ilisema sauti nyuma yao.

Atuganile hakuhitaji kugeuka. Sauti ile aliijua kwa miaka kumi na minne. Ilikuwa ya shemeji yake, Ambwene, mdogo wa marehemu, dalali wa mizigo inayovuka mpaka Tunduma. Alikuwa amevaa koti jeusi na viatu vinavyong'aa, akiruka mabonge ya mkaa asijichafue. Kando yake alikuwa Gwalugano, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye barua ya mtu yeyote haiendi popote bila muhuri wake.

"Ni la baba mdogo, mzee Aliko," Ambwene alisema na kuvua kofia. "Alikufa kwa moto uleule, mukwai."

Hiyo "mukwai" aliiokota kwa wafanyabiashara wa Zambia pale Chapwa mpakani, na huitumia anapotaka kuonekana mtu wa adabu.

"Mzee Aliko yupi?" Atuganile alipayuka. "Mzee Aliko yuko Kamsamba bondeni kwenye mpunga wake! Mwaka wa tatu huu hajapanda mlima!"

"Alipanda siku ileile, shemeji. Alikuja kukusalimia. Hakukukuta. Si ulikuwa gulioni unauza maharage?"

Hapo alimpata. Ni kweli siku ya moto alikuwa gulioni, na tangu siku hiyo hakuna usiku uliopita bila kujilaumu kwamba hakuwepo. Uongo uliochanganywa na kweli kidogo ndio mbaya, na Ambwene alijua kuupima.

"Tukamzika kesho yake," Ambwene aliendelea. "Bwana mkaguzi, mimi sipendi mambo ya kugombana na mjane wa kaka yangu. Lakini kiwanja ni cha ukoo. Wamelala hapa watu wawili wa ukoo. Huyu tulimkaribisha tu."

"Mlinikaribisha! Tofali za nyumba ile nimefyatua kwa mikono hii, na mimba ya Sekela tumboni!"

"Mwenyekiti, hebu tusaidie," mkaguzi alisema.

Gwalugano alikohoa. Aliangalia viatu vya Ambwene, akaangalia mlima, akaangalia popote isipokuwa usoni kwa Atuganile.

"Mimi nasikia ni la mzee Aliko," alisema.

Mkaguzi Rubeni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi tu. Alifunga faili lake pole pole, na moyo wa Atuganile ukafungwa nalo.

"Mama, kiwanja chenye mgogoro siruhusiwi kukiandika. Mmalize kwanza wenyewe kwa wenyewe, mwakani tukirudi..."

"Mwakani!"

Alimshika mkono. Mkaguzi wa watu akashtuka. Afande Wiliam, askari aliyepewa kazi ya kumsindikiza tangu mabati sitini ya Mfuko yaibwe stoo ya shule usiku wa Jumanne, akasogea hatua mbili.

"Subiri, baba yangu, usiondoke," Atuganile alisema. "Acha niulize maswali mawili tu. Mawili. Nikishindwa, nenda."

Mkaguzi alitazama saa. "Uliza."

Atuganile alikwenda hadi kwenye kaburi lile jipya, akasimama upande wa kichwa, akaanza kulipima kwa nyayo, kisigino kwa kidole. Wale wenye nyumba wengine kumi waliokaguliwa tangu asubuhi, wakabaki kusubiri barua zao zipigwe muhuri, walikuwa wamesogea wote, akina mama mbele, wanaume nyuma na mikono mifukoni.

"Mzee Aliko mnamfahamu," aliwaambia. "Akisimama ananifikia hapa, begani. Mimi mwenyewe mfupi. Sasa tazameni kaburi lenyewe. Nyayo kumi na tatu! Shemeji, mzee mlimzika na ngazi?"

Mtu mmoja aliguna, mwingine akacheka, kicheko kikawazunguka.

"Jeneza lilikuwa refu," Ambwene alisema.

"La nini?"

"Lilikuwepo hilo tu dukani."

"Haya. Swali la pili." Hakuwa na woga tena. Alikuwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo tangu azaliwe. "Msiba mliuweka wapi?"

Ambwene alijipangusa jivu kwenye koti.

Msomaji wangu wa Dar, kwako hilo ni swali dogo. Huku si dogo hata kidogo. Mtu akifa Kasyeto, kabla maiti haijaoshwa kila nyumba imeshapeleka mzigo wa kuni na bakuli la unga. Siku tatu hakuna jembe linalogusa ardhi. Hata ukigombana na mtu miaka ishirini, kuni zake utabeba, utazitupa chini kwa kishindo, lakini utazibeba. Maiti ya kuzikwa bila kuni haijawahi kusikika mlima huu.

"Nani alibeba kuni za mzee Aliko?" Atuganile aliwauliza akina mama. "Nyie ni majirani zangu. Aliyebeba aseme."

Walitazama chini. Si kwamba hawakujua jibu. Gwalugano alikuwa amesimama palepale na muhuri wake ndani ya mfuko wa shati, na kila mmoja alikuwa na barua inayousubiri. Ungekuwa wewe, ungesema? Usijibu haraka.

Mkaguzi akaweka faili kwapani.

"Mimi sikubeba."

Ilikuwa sauti ya bibi Jenista, aliyeunguliwa nyumba, banda na mbuzi wanne kwa siku moja. Alijikokota mbele akiegemea mpini wa jembe.

"Mimi sikubeba kuni," alirudia. "Na msiba wa kunipita mimi mlima huu, haujazaliwa. Mwenyekiti, uninyime huo muhuri ukitaka. Nitalala hapahapa nje, nimezoea."

"Wala mimi sikubeba," alisema mwingine.

"Wala mimi."

"Wala mimi, jamani, tuseme tu ukweli."

Bibi Jenista aliinama juu ya kaburi. "Halafu, baba mkaguzi, njoo uone. Jumapili yalipita manyunyu. Angalia majivu yote haya, yana vishimo vya matone. Angalia udongo huu. Una kishimo hata kimoja? Huyu alizikwa mwezi Oktoba, manyunyu yakamruka yeye peke yake?"

Mkaguzi aliinama. Afande naye akainama. Waliponyanyuka walimtazama Ambwene, na watu wote wakamtazama.

Hapa nilitegemea, kama unavyotegemea wewe, kwamba Ambwene angebisha. Angeapa kwa kaburi la baba yake. Angemtukana bibi wa watu.

Hakubisha.

"Sawa," alisema na kutabasamu kidogo. "Hakuna mtu. Ni udongo tu. Nilikuwa natetea haki ya ukoo, nikapitiliza. Shemeji, nisamehe, mukwai."

Watu wakapigwa na butwaa. Kisha vigelegele! Bibi Jenista akamkumbatia Atuganile, jembe likaanguka. Atuganile alicheka na kulia kwa pamoja, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mbwa wakabweka.

Lakini kitu kilimchoma kwa ndani. Katika miaka kumi na minne hajawahi kumsikia Ambwene akikubali kosa, hata la kumkanyaga mtu mguu. Leo amekubali mbele ya kitongoji kizima, tena upesi hivyo? Alitaka kulifikiria hilo. Angelifikiria, tusingefika tulikofika. Ila mkaguzi alikuwa tayari anafungua faili, na saa ilikuwa inakaribia tisa na nusu.

"Mama, jaza fomu haraka. Nasoma, wewe sikiliza. 'Mimi, Atuganile, mjane wa Ambilikile, nathibitisha kwamba kiwanja hiki ni changu peke yangu. Kila kilichomo, juu ya ardhi na chini yake, ni changu. Hakuna mtu mwingine anayekitumia wala aliyekitumia tangu siku ya moto.' Umeelewa?"

"Hiyo ya chini ya ardhi ni nini?"

"Ni ya mipaka, visima, makaburi. Ili kesho asitokee mtu mwingine na hadithi."

"Asitokee kabisa," alisema Atuganile, akaweka sahihi.

Aliiandika kubwa, herufi moja moja, jina lote. Alijisikia mwepesi. Aliliona bati jipya likimeta juu ya mlima, akaona Sekela na mdogo wake wakilala pasipo moshi wa jiko la darasani. Tangu Ambilikile afe hakuwahi kufurahi namna ile.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa ambalo mtu wa Dar wala wa Arusha asingelifanya.

Alipotaka kumrudishia mkaguzi kalamu, macho yake yalilikuta tena lile kaburi, na mwili ukamsisimka. Kaburi lililochimbwa likafukiwa bila maiti! Kila mtoto wa Kasyeto ameambiwa habari hiyo na bibi yake. Kaburi la namna ile humtafuta wa kulala ndani yake, na humtafuta kwenye nyumba iliyo karibu. Atuganile aliwaza watoto wake wawili, akaogopa waziwazi.

"Bibi, hili tunalifanyaje?" alinong'ona.

"Linasawazishwa," bibi Jenista alijibu. "Kabla jua halijashuka. Halifunguliwi, mwanangu. Ukilifungua umelikaribisha ndani. Linasawazishwa na majivu yanamwagwa juu."

"Mika!" Atuganile alimwita fundi Mika, aliyekuwa amekuja na koleo kupima misingi. "Kaka yangu, nisaidie, sawazisha hapo. Usichimbe. Kwangua juu tu, tandaza, basi. Usilifungue."

"Leo leo?"

"Sasa hivi, tafadhali. Usilifungue tu."

Mika alitema mate viganjani na kushika koleo.

"Afande," alisema Ambwene.

Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba maji ya kunywa.

"Afande, samahani. Mimi nimekosa na nimekubali. Lakini mbona shemeji hataki lifunguliwe?"

Afande Wiliam alikuwa mtu wa Shinyanga. Ya Kasyeto hakuyajua. Aliinua mkono, Mika akasimamisha koleo hewani.

"Eti mama, mbona hutaki lifunguliwe?"

"Si desturi yetu, afande. Kaburi tupu halifunguliwi."

"Kama ni tupu, kuna ubaya gani?"

"Afande, muulize bibi hapa, muulize yeyote..."

"Na mbona haraka?" afande aliendelea, na sasa sauti yake haikuwa ya msindikizaji tena. "Chimba."

"Afande, nina watoto!"

"Nimesema chimba."

Mika alimtazama Atuganile kwa huruma, akachimba. Udongo ulikuwa laini, koleo lilizama bila taabu. Akina mama walirudi nyuma, mmoja akaziba macho ya mwanawe. Bibi Jenista alianza kusali kwa Kindali, lugha ya kwao, midomo tu ikicheza.

Koleo la kumi, au la kumi na mbili, lililia ngaa!

Mika aliruka pembeni. Afande alishuka mwenyewe shimoni, akafukua kwa mikono, akavuta. Kilichotoka kwenye udongo kilimeta juani.

Bati.

Jipya, la futi kumi, limepigwa muhuri mwekundu wa Mfuko wa Paa Jipya. Chini yake bati jingine. Chini yake jingine. Yalikuwa yamelazwa vizuri, moja juu ya jingine, yamefunikwa turubai pembeni, na sasa kila mtu alielewa kwa nini kaburi lilikuwa refu kuliko mtu.

"Yesu wangu," alisema mkaguzi Rubeni. "Mabati yangu."

Nani angeyatafuta pale? Mlima mzima usingeligusa lile kaburi hata kwa kulipwa. Stoo iliyo salama kuliko zote duniani, na mlinzi hahitajiki.

Atuganile alimgeukia Ambwene, kidole kimenyooka. "Ni wewe! Umekuja kuyaficha kwangu! Ni wewe uliyesema..."

Akanyamaza, kwa sababu Ambwene alikuwa analia.

Machozi yenyewe, ya kweli kabisa, yanashuka mashavuni mpaka kwenye kola. Sijui aliyatoa wapi. Wapo watu wana kisima.

"Nisameheni ndugu zangu," alisema. "Nilimwona. Usiku wa Jumanne nilikuwa napita, nikamwona shemeji yangu na koleo. Ningesema nini? Ningesema mjane wa kaka yangu ni mwizi, nani kati yenu angeniamini? Mngesema namwonea. Nikaona bora nitunge uongo wa mzee Aliko, nichekwe, nitukanwe, mradi afande alitazame hili kaburi. Uongo wangu nimeukubali mbele yenu. Yeye ndiye aliyesema lisifunguliwe. Mmemsikia."

"Mwongo! Mwongo mkubwa!"

"Mmemsikia au hamkumsikia?"

Walimsikia. Wote. Mara tatu.

"Stoo ya shule inapakana na darasa mnalolala," mkaguzi alisema, akiwaza kwa sauti. "Ukuta mmoja."

"Tunalala familia kumi na moja pale!" Atuganile alilia. "Kumi na moja, si mimi peke yangu! Bibi, waambie. Bibi Jenista, wewe ndiye uliyesema halifunguliwi. Waambie ni desturi!"

Bibi Jenista alikuwa ameshika mkono wa Atuganile tangu vigelegele. Sasa alitazama shimoni. Bati la nyumba yake lilikuwa mle ndani, na la jirani yake, na la mwanawe. Tangu Jumatano walikuwa wameambiwa kwamba limeibwa na hakuna jingine.

"Ni desturi," alisema bibi. "Nilisema." Kisha akaachia mkono. "Lakini mimi sikujua kilichomo, mama Sekela. Je, wewe?"

Hilo ndilo lililomvunja. Si Ambwene, si askari. Atuganile aliona aibu kwa jambo ambalo hakulifanya, akageuza uso kuelekea mparachichi. Nyuma ya bibi mtu alisema "mwizi", taratibu. Mwingine akalirudia kwa sauti kubwa zaidi. Walewale waliopiga vigelegele.

Afande Wiliam alipanda kutoka shimoni, akajifuta mikono, akamnyooshea mkaguzi kiganja. Mkaguzi akampa ile fomu. Afande aliisoma polepole, midomo ikitembea.

"'Kila kilichomo, juu ya ardhi na chini yake, ni changu.'" Aliinua macho. "'Hakuna mtu mwingine anayekitumia wala aliyekitumia tangu siku ya moto.' Mama, sahihi hii ni yako?"

Atuganile alitazama jina lake, kubwa, wino haujakauka vizuri.

"Nijibu. Ni yako?"

"Bwana mkaguzi," alisema kwa taabu, "nikisema hapana?"

"Ukisema hapana nafuta," Rubeni alijibu. Alikuwa na huruma, lakini alikuwa mtu wa karatasi. "Ukisema hapana, kiwanja hiki hakina mwenye kukidai isipokuwa ukoo."

Ambwene alikuwa amesogea karibu kabisa. Machozi yalikuwa yamekauka. Aliongea chini chini, Atuganile peke yake amsikie.

"Kana tu, shemeji. Sema si yako, sema ulikosea kusaini, nitamtuliza afande. Utakwenda kwenu na watoto. Kiwanja ni kitu gani?"

Hapo Atuganile akaona yote. Aliona jinsi shemeji yake alivyompa ushindi makusudi, amemwacha apigane, ashangiliwe, asaini kwa mkono wake. Akikana, kiwanja ni cha Ambwene. Akikubali, anakwenda mahabusu na pingu. Kote kote Ambwene anabaki amesimama palepale na viatu vyake. Ile hasira ya mwanzo ikamrudia.

Alijinyoosha. Akajifunga upya kanga kiunoni.

"Sahihi ni yangu," alisema.

"Na kiwanja?"

"Kiwanja ni changu. Mume wangu kalala pale. Mabati siyajui, nitasema hivyo kituoni, nitasema mahakamani, nitasema mbele za Mungu. Ila kiwanja sikikani. Niandike, bwana mkaguzi."

"Mama," afande alisema, karibu kwa upole, "unaelewa unachosema?"

"Naelewa. Aniandike kwanza, halafu nifunge."

Mkaguzi Rubeni alitazama saa yake. Saa kumi kasoro dakika nne. Alitazama shimo, akamtazama Gwalugano anayetikisa kichwa kwa nguvu, akaiandika namba kumi na moja na jina lake pembeni.

"Hajahukumiwa," aliwaambia watu wanaonung'unika. "Mpaka ahukumiwe, jina linabaki."

Atuganile alinyoosha mikono mwenyewe. Pingu zilikuwa za moto kwa jua. Alipandishwa nyuma ya gari la polisi, akakaa juu ya tairi la akiba, na ndani ya moyo wake, niamini, palikuwa na furaha ndogo. Jina liko kwenye orodha. Nyumba itajengwa. Uongo utajulikana, leo au kesho, naye atarudi akute paa.

Dereva aliwasha gari. Mkaguzi alikuwa bado anaongea, akipanga karatasi juu ya boneti ya gari la Mfuko.

"Vifaa vya namba moja hadi kumi na moja vinafika Jumatatu. Sasa huyu namba kumi na moja hatakuwepo. Utaratibu unasema mwenye nyumba akiwa hayupo, anayepokea na kusimamia kila kitu cha kaya yake ni ndugu wa karibu wa marehemu mume, akithibitishwa na mwenyekiti. Yupo?"

"Yupo," alisema Gwalugano, akitoa muhuri mfukoni.

Atuganile aligeuka juu ya tairi. Aliona Ambwene akiinama kwenye boneti, akisaini bila kusoma, akipuliza wino.

"Sio huyo!" alipiga kelele. "Bwana mkaguzi, mtu yeyote, sio huyo!"

Gari likaanza kuserereka mteremkoni. Ambwene aliinyanyua kofia yake kumuaga, akampa mkaguzi kalamu, kisha akamgeukia bibi Jenista. Aliuliza kwa sauti ya mtu mwenye majukumu, na Atuganile alilisikia kila neno.

"Kila kitu cha kaya, si ndivyo? Basi bibi, nielekeze. Sekela yuko darasa lipi pale shuleni? Naye inabidi nimpokee leo."